Ufito wa Wii umekufa: wa asili, wa kuiga, wa betri, wa USB, au utengeneze mwenyewe?

Wii, mashine ya gemu ya Nintendo, iliingia sokoni mwishoni mwa 2006, na mashine zaidi ya milioni 100 ziliuzwa. Nyingi bado zinawaka hadi leo. Kinachotangulia kufa mara nyingi ni ule ufito mweusi unaokaa juu au chini ya runinga, uitwao sensa baa. Waya wake ni mwembamba, unapita nyuma ya kabati, unakanyagwa, unavutwa na watoto, unatafunwa na panya. Ukikatika, kile kimkono cha kuchagulia kinatoweka kwenye kioo, na bila kimkono hata kufungua gemu kwenye menyu kuu ni shida.

Jina la sensa baa limewapotosha wengi. Ufito huu hauhisi chochote wala haupeleki taarifa yoyote kwenye mashine. Ni taa. Ndani yake mna vitaa kumi vya LED, vitano kila ncha, vinavyotoa mwanga wa infraredi ambao jicho halioni. Kinachohisi ni rimoti: nyuma ya kidirisha cheusi kilicho kwenye pua yake kuna kamera ndogo inayotazama nukta mbili za mwanga, ya kushoto na ya kulia. Rimoti hutuma kwa Bluetooth mahali nukta hizo zilipo, na mashine inakokotoa umeelekeza wapi. Waya wa ufito unabeba umeme tu.

Ndiyo maana mbadala ni nyingi. Chochote kinachotoa nukta mbili za infraredi, zikiwa zimeachana kama sentimita 20, Wii itakipokea bila kujua tofauti. Kwa hiyo la kujiuliza ni mambo mawili: taa hii itapata umeme wapi, na wewe unakaa mbali kiasi gani nayo.

## Kwanza hakikisha kilichokufa ni ufito

Kuna vipimo vitatu, na havigharimu kitu.

Anza na kamera ya simu. Washa Wii, punguza mwanga chumbani, elekeza kamera kwenye ncha za ufito ukiwa karibu. Vitaa vikiwaka utaona nukta nyeupe au za zambarau kwenye kioo cha simu. Kamera za nyuma za simu nyingi zina kichujio cha infraredi, kwa hiyo usipoona kitu geuza simu utumie kamera ya mbele kabla hujatoa hukumu. Ukitaka kuipima simu yenyewe, ielekezee rimoti ya runinga huku umebonyeza kitufe. Ikionyesha mmweko, simu inafaa kwa kazi hii.

Ncha moja ikiwaka na nyingine ikiwa giza, ufito umekufa nusu. Hii ndiyo hali inayowachanganya watu kuliko zote, kwa sababu kimkono hakipotei moja kwa moja: kinatokea, kinaruka, kinayumba ukigeuza kiganja, na lawama zote zinaangukia rimoti.

Kipimo cha pili ni rimoti nyingine. Zote mbili zikikosa kimkono, tafuta kosa kwenye ufito au mahali ulipowekwa. Moja ikipata na nyingine ikikosa, ufito ni mzima: futa kidirisha cha rimoti iliyokosa kwa kitambaa laini kikavu, weka betri mpya, jaribu tena. Na ikiwa rimoti haiungani kabisa, yaani vitaa vyake vya buluu vinapepesa kisha vinazima, hilo ni suala la Bluetooth. Fungua kifuniko cha betri, bonyeza kitufe chekundu cha SYNC, halafu bonyeza chekundu kingine kilicho nyuma ya mlango wa kadi ya SD mbele ya Wii. Hakuna ufito mpya utakaotibu tatizo hilo.

Kipimo cha tatu ni mishumaa miwili, nacho si mzaha. Mwali wa mshumaa unatoa infraredi ya kutosha, na kamera ya rimoti inauona kama nukta. Isimamishe mezani mbele ya runinga, sentimita 20 kati ya mmoja na mwingine, zima taa za chumba, simama kama mita 2 nyuma yake na uelekeze rimoti. Kimkono kikitokea, rimoti ni nzima na ufito ndio mgonjwa. Usiiweke chini ya kingo za runinga wala karibu na pazia, na uizime mara tu unapopata jibu. Hiki ni kipimo cha dakika mbili. Mtu anayerusha mkono akicheza tenisi hapaswi kuwa na moto mbele yake.

## Vigezo tutakavyotumia

Umeme. Unatoka kwenye tundu maalumu la Wii, kwenye betri, au kwenye USB? Jibu lake ndilo linaloamua mengine mengi, ikiwemo kama ufito utawaka wenyewe kila unapowasha mashine au itabidi uukumbuke.

Umbali na upana. Hapa inafaa tukae kidogo. Kamera ya rimoti inaona eneo la takriban nyuzi 33 kwa upana. Ukikaa mita 3 kutoka kwenye ufito, eneo hilo lina upana wa karibu mita 1.8, na ufito wa sentimita 20 unachukua kama sehemu moja ya tisa ya picha. Hapo mambo ni mazuri. Ukisogea hadi mita 1, eneo zima ni sentimita 60 hivi na ufito umeshika theluthi yake. Ukigeuza mkono kidogo, nukta moja inatoka nje ya picha na kimkono kinapotea. Ukirudi nyuma hadi mita 5, nukta mbili zinakaribiana mno, mwanga wake umefifia, na kila mtetemo wa mkono unaonekana mkubwa kwenye kioo. Kwa hiyo ufito wenye ncha zilizoachana zaidi unamsaidia anayekaa mbali na kumwadhibu anayekaa karibu. Sebule nyingi ziko kati ya mita 1.5 na 3, na kipimo cha asili kinazifaa.

Waya. Je, unafika pale mashine ilipo, na utapitishwa wapi?

Mashine. Wii na Wii U, mashine iliyoifuata, zina tundu la aina moja la ufito. Kompyuta haina.

Kasoro na matengenezo. Unaharibika vipi, na fundi wa redio wa mtaani anaweza kuuokoa?

## Ufito wa asili wa Nintendo, wa mtumba

Umeme. Unachomekwa kwenye tundu dogo jekundu nyuma ya Wii. Unawaka mashine ikiwaka, unazima ikizimwa. Huhitaji kukumbuka chochote, na faida hiyo hudharauliwa hadi siku mtu anapoishi na ufito wa betri.

Umbali na upana. Huu ndio kipimo ambacho wengine wanapimwa nacho. Katika vitaa vitano vya kila ncha, vitatu vinatazama mbele, kimoja kimeelekea nje kidogo na kimoja kimeelekea ndani. Kwa hiyo mchezaji aliyekaa pembeni ya kochi bado anaonekana. Mkicheza wanne kwa pamoja, tofauti hii mtaiona.

Waya. Una urefu wa sentimita 353, mita tatu na nusu. Unatosha kwa kabati la kawaida. Hautoshi kwa projekta iliyo nyuma ya chumba wakati kitambaa kiko mbele.

Mashine. Wii na Wii U, za nchi yoyote. Diski za Wii zimefungwa kwa kanda, yaani sehemu ya dunia zilikouzwa, lakini ufito haujui kanda: uliotoka Japani unawaka kwenye mashine ya Ulaya bila neno. Wenye Wii waliyoletewa na ndugu kutoka Marekani wajihadhari na kitu kingine kabisa, adapta ya umeme. Ya Marekani imeandikwa volti 120, na ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230 au 240 itaungua siku hiyohiyo. Tafuta adapta ya Ulaya inayotoa volti 12 na ampea 3.7.

Kasoro na matengenezo. Plastiki na vitaa vyake hudumu. Kinachokufa ni waya, na sehemu mbili ndizo huvunjika: pale unapoingia kwenye ufito, na pale unapotoka kwenye plagi. Ndani mna nyaya mbili tu. Ukikatika katikati, kata sehemu mbovu, menya ncha, unganisha kila waya na mwenzake, lehemu kwa risasi, kisha funga kila kiungo peke yake kwa tepu ya umeme ili visigusane. Ukibadilisha pande kwa bahati mbaya vitaa havitawaka, kwa sababu LED hupitisha umeme upande mmoja tu. Geuza ujaribu tena. Waya ukikatikia kwenye plagi yenyewe, plagi hiyo huipati dukani ikiwa peke yake. Nunua ufito wa kuiga wa bei ya chini, kata plagi yake pamoja na kipande cha waya, ukiunganishe na ufito wako wa asili. Unapata vitaa bora na plagi mpya kwa gharama ya kitu hafifu.

Tatizo kubwa la wa asili ni upatikanaji. Nintendo ilisimamisha kuzalisha Wii kwa Japani na Ulaya mwaka 2013, kwa hiyo unaoupata leo umeshatumika. Kabla ya kulipa, uchomeke, angalia ncha zote mbili kwa simu, kisha kunja waya taratibu kwenye miisho yake huku unatazama. Vitaa vikipepesa, waya unakaribia kukatika.

Unamfaa anayecheza mara kwa mara na familia, runinga na mashine vikiwa kabati moja, na asiyetaka kufikiria tena habari hii.

## Ufito wa kuiga wenye waya

Umeme na mashine ni kama wa asili: tundu lilelile jekundu, Wii na Wii U. Kinachotofautiana ni kilichomo ndani.

Umbali na upana. Baadhi zina vitaa vitatu kila ncha, na nyingine viwili, vyote vikitazama mbele moja kwa moja. Ukikaa katikati mita 2 hutaona tofauti. Ukikaa pembeni kabisa, au ukirudi mita 3 na nusu, kimkono kinaanza kutetemeka. Wingi wa vitaa utauona kwa kamera ya simu hata kama boksi halikuandika kitu. Muuzaji mwenye Wii ya kujaribia atakuruhusu kuangalia.

Waya. Pima kabla ya kununua. Nyingi ni fupi kuliko wa asili, na waya mfupi unaovutika nyuma ya runinga ndio huo unaokatika mapema. Kuna waya za kurefushia zenye plagi hiyohiyo, lakini kila kiungo kinachoongezwa ni mahali papya pa kulegea.

Kasoro na matengenezo. Plagi ndiyo ya kuangalia. Inaingia kwa upande mmoja tu. Ikikataa, itoe uitazame. Ukilazimisha unapinda pini za tundu la Wii, na hapo umeharibu mashine kwa ajili ya kitu cha bei ndogo. Ukichomeka plagi ya kuiga inayolegea, vitaa huzimika kila gari kubwa linapopita nje, na unadhani ni rimoti.

Unamfaa anayekaa karibu na katikati, anayecheza mwisho wa wiki, au anayetaka plagi ya kuokolea ufito wa asili kama tulivyoeleza.

## Ufito wa betri, usio na waya

Umeme. Nyingi zinatumia betri nne ndogo za AA. Zina swichi, na baadhi zina kipima saa kinachozima zenyewe baada ya muda. Kipima saa kinaokoa betri, ila pia kinaweza kukuzimia katikati ya gemu: kimkono kinapotea ghafla na watu wanaanza kupiga rimoti mapajani. Jibu ni kubonyeza swichi ya ufito tena.

Tukadirie matumizi. Ufito unaovuta miliampea 60 kwenye betri za miliampea-saa 2,000 utakaa kama saa 33. Usahau kuuzima usiku mmoja na asubuhi karibu theluthi ya chaji imekwenda. Betri za kuchaji zinafaa sana hapa, ila ujue kwamba kila moja inatoa volti 1.2 badala ya 1.5, kwa hiyo nne zinatoa 4.8 badala ya 6 na mwanga unaweza kupungua kidogo. Ukikaa mita 2 hutagundua.

Umbali na upana. Betri zikiwa mpya, nyingi zinafanana na zenye waya. Betri zikichoka, kinachopungua kwanza ni umbali. Aliyekaa mbele anacheza vizuri, aliyekaa nyuma analalamika. Mkifika hapo, badilisha betri za ufito kabla hamjagusa za rimoti.

Waya. Hakuna, na hii ndiyo sababu ya kuununua. Mwenye projekta, mwenye runinga iliyopigiliwa juu ukutani huku Wii iko kwenye kabati la pembeni, na anayebeba Wii kwenda kwa ndugu sikukuu, wote tatizo lao linaisha hapa.

Mashine. Yoyote, hata kompyuta, kwa sababu hauunganishwi na kitu.

Kasoro na matengenezo. Betri zilizosahauliwa ndani zinavuja na kula vibati vya kugusia. Ukijua hutacheza kwa mwezi, zitoe. Vibati vilivyoota ukungu mweupe au wa kijani vinasuguliwa kwa pamba yenye siki kidogo, vinafutwa kwa kitambaa chenye maji, vinakaushwa kabisa, kisha betri mpya zinaingia.

Unamfaa ambaye waya haumfikii, na ambaye nyumbani kwake kuna mtu makini wa kuzima swichi.

## Ufito wa USB

Umeme. Volti 5 kutoka tundu lolote la USB. Wii ina mawili nyuma na Wii U ina manne. Kilicho kizuri zaidi, runinga nyingi bapa zina tundu la USB linalopata umeme runinga ikiwaka na kukatwa ikizimwa. Chomeka hapo na ufito wako utajiwasha na kujizima kama wa asili. Chaja ya simu pia inafaa.

Pawabanki ndiyo yenye mtego. Ufito unavuta umeme kidogo sana, na pawabanki nyingi zikiona mzigo mdogo hivyo hudhani simu imeshajaa na kujizima. Utaona ufito unawaka sekunde kadhaa kisha unakufa. Haujaharibika. Hamishia kwenye chaja au runinga.

Umbali na upana. Unatofautiana kwa mtengenezaji. Hesabu vitaa kwa simu kama kawaida.

Waya. Waya wa kurefusha wa USB unapatikana kila duka la vifaa vya simu, na hapa unampita hata wa asili. Ukikatika, kila fundi ana waya wa USB wa kutupa.

Mashine. Kwa anayecheza magemu ya Wii kwenye kompyuta kupitia programu ya Dolphin, hili ndilo kundi lake. Kuna aina mbili na usizichanganye. Ya kwanza ni taa tupu yenye plagi ya USB: inatosha ikiwa kompyuta ina Bluetooth inayokubali rimoti. Ya pili ni kama DolphinBar ya Mayflash, ambayo ndani yake ina pia Bluetooth ya kuunganisha rimoti, na kitufe cha kubadilisha hali nne. Kwa Dolphin unaweka hali ya 4. Wenye rimoti za baadaye, zile zenye MotionPlus (kihisi cha ziada cha mwendo) ndani, hupata taabu kuziunganisha na Bluetooth ya baadhi ya kompyuta, na kwao aina ya pili inaokoa jioni nzima ya kuhangaika. Ukiitumia kwenye Wii halisi, itakuwa taa tu; ile Bluetooth yake mashine haiihitaji.

Unamfaa mwenye runinga yenye USB karibu, mwenye projekta iliyo jirani na soketi ya umeme, na anayecheza kwenye kompyuta.

## Wa kutengeneza mwenyewe

Huu tunauweka pamoja na wengine kwa heshima zote, maana ukiufanya kwa uangalifu haupungukiwi na wa dukani. Vifaa: vitaa sita vya LED vya infraredi vya milimita 5, urefu wa mawimbi nanomita 940, rezista mbili za omu 33, waya wa USB wa zamani, na rula au ubao mwembamba wa sentimita 24. Maduka ya vipuri vya elektroniki ya Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, huuza vyote hivyo kimoja kimoja.

Kata waya wa USB uumenye. Mwekundu ni chanya, mweusi ni hasi; wa kijani na mweupe ukate mfupi na uufunge tepu ili usiguse kitu. Kila ncha ya rula weka vitaa vitatu vilivyofuatana: mguu mrefu wa cha kwanza unatoka kwenye waya mwekundu kupitia rezista, mguu wake mfupi unaungana na mrefu wa cha pili, mfupi wa cha pili na mrefu wa cha tatu, na mfupi wa cha tatu unarudi kwenye mweusi. Makundi mawili yanafanana, kila moja na rezista yake. Kila LED inachukua kama volti 1.3, zote tatu 3.9, na volti 1.1 inayobaki juu ya omu 33 inatoa miliampea 33. Ni kiasi salama kwa LED hizi na ni kidogo kwa tundu lolote la USB. Acha sentimita 20 kati ya katikati ya kundi moja na katikati ya jingine. Kitaa cha kati kitazame mbele, vya pembeni vipindwe kidogo kushoto na kulia.

Ukikosa LED mpya, rimoti mbovu za runinga zina moja moja kwenye pua. Mbili zinatosha kwa chumba kidogo: zifuatanishe, moja kila ncha, na rezista moja ya omu 68.

Umbali na upana unauamua mwenyewe, na hapa hakuna ufito wa dukani unaoushinda huu. Mwenye kitambaa cha projekta anayekaa mita 4 anaweza kuachanisha makundi sentimita 30 au 40 na kupata kimkono kilichotulia.

Kasoro. LED moja ikigeuzwa, kundi lake zima halitawaka. Kusahau rezista kunaunguza kundi. Na usithubutu kuunganisha kazi hii na tundu jekundu la nyuma ya Wii: umeme wake si wa volti 5, na hesabu yote ya hapo juu inavunjika. LED za nanomita 850, zile za kamera za ulinzi, nazo zinafanya kazi ila zinaonyesha wekundu hafifu, na kamera ya rimoti inaziona kwa nguvu karibu nusu ya zile za 940.

Unamfaa mwenye mkono wa kulehemu, anayekaa umbali usio wa kawaida, au aliye mahali ambapo ufito wa dukani haupatikani.

## Kuuweka na kuupima

Ufito wowote ukae katikati ya upana wa runinga. Ukiwa juu, uwe sawa na uso wa kioo. Ukiwa chini, uwe kwenye ukingo wa mbele wa meza, kwa sababu ukirudishwa nyuma meza yenyewe inaukinga. Runinga bapa zina ukingo mwembamba. Tumia gundi ya pande mbili, usiuache ukining'inia kwa waya wake.

Kisha fungua Wii Settings, ukurasa wa pili, ingia Sensor Bar. Kwanza Position: chagua juu au chini kulingana na ulipouweka, la sivyo kimkono kitakuwa juu au chini ya pale unapoelekeza. Halafu Sensitivity, ngazi 1 hadi 5. Kwenye kioo utaona nukta mbili. Tumia kitufe cha jumlisha na cha kutoa hadi zionekane mbili tu, imara. Ukiona ya tatu, tafuta chanzo: jua la dirishani, balbu ya kizamani ya uzi, mshumaa, au kioo cha kabati kinachorudisha mwanga wa ufito wenyewe. Funika chanzo hicho kwanza. Kupunguza ngazi iwe hatua ya mwisho, kwa sababu inafupisha na umbali wa kuchezea.

## Kwa hali yako

Kama ufito wako ni wa asili na waya tu ndio umekatika, usinunue kitu kabla fundi hajaugusa.

Kama mnacheza Mario Kart kwa usukani au Wii Sports, kimkono mnakihitaji zaidi kwenye menyu, kwa hiyo wa kuiga wenye waya unatosha. Kama ni magemu ya kulenga shabaha, Metroid Prime 3 au Link's Crossbow Training, kila mtetemo unagharimu. Tafuta wa asili au wa USB wenye vitaa vya kutosha.

Runinga iko ukutani na ina USB: chukua wa USB. Projekta isiyo na soketi karibu na kitambaa: wa betri, na betri za kuchaji seti mbili. Chumba kirefu kupita mita 3 na nusu: tengeneza mpana, au mwombe fundi akutengenezee kwa vipimo vya hapo juu.

Kwenye chumba kidogo cha kulala ambako kitanda kiko mita 1 kutoka kwenye runinga, kila ufito wa sentimita 20 utasumbua. Hapo uliotengenezwa kwa sentimita 12 kati ya makundi ndio unaosaidia.

Mwenye Wii U ana akiba ambayo wengi hawaijui: GamePad yake, kile kidhibiti chenye kioo, ina vitaa vya infraredi ndani, kwa hiyo rimoti ikielekezwa kwenye GamePad inaona nukta. Kwa magemu yanayoonyesha picha kwenye kioo cha GamePad, unaweza kuendelea kucheza huku ukisubiri ufito mpya ufike.